Mtungi Uliooshwa Mara Saba

Mlinifanyia mambo makubwa siku ya kuniaga: keki, doti ya khanga, na saa ya ukutani ambayo sasa kazi yake ni kunikumbusha kila asubuhi kwamba sina pa kuwahi. Nashukuru, wallahi. Lakini haikwisha hata wiki mkaanza kunipigia simu. Bi Mwanaidi, Mtungi hauwaki. Bi Mwanaidi, kifuniko kimelegea. Bi Mwanaidi, tuuoshe ndani kwa sabuni gani? Mbili za mwanzo nilizijibu hapo hapo. Hiyo ya sabuni ndiyo iliyonikalisha kitako nikatafuta kalamu.

Basi nitaandika ya kazi, na nikipotea njiani mtanisamehe, nina nafasi siku hizi. Ya vyeo na mishahara siyaweki, hayapikiki. Nitaandika ya Mtungi, na ya mtu aliyenifundisha kuushika, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta, na mnautumia kila siku mkidhani ni jiko tu.

Nilianzia kwenye karo, kuosha vyombo. Wakati huo nyumba ya wageni ya Bwana Nassor ilikuwa na vyumba vichache, nyuma ya Mkunazini, na jiko lilikuwa uani chini ya mabati. Bwana Nassor mnamjua: mtu wa mjini, babu zake walitoka Arabuni wakawa na mashamba ya mikarafuu, yeye akarithi jumba moja na kicheko kikubwa. Moyo wake mweupe, ila ana haraka. Chai anainywa ingali inachemka, halafu anailaumu chai.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Seif, mtu wa Mkokotoni, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uache kugonga vyombo ili uisikie. Siku yangu ya kwanza alinipa sufuria iliyoungua wali. Nikaisugua kwa majivu na makumbi ya nazi hata nikaiona sura yangu humo, nikampelekea nikitaraji sifa. Akapitisha kidole ndani, chini ya mkunjo wa ukingo, akanionesha ute wa wali uliobaki. Akaniambia nje nimeng'arisha kama sahani ya harusi, lakini watu hawali nje. Akanirudishia. Mpaka leo nikiona sufuria inameremeta sana naishuku.

Mzee Seif alikuwa mpishi wa ajabu, na nalisema hili nikiwa nimeshakula kwa wengi. Samaki wake wa kupaka alikuwa anatoka kwenye moto na nyama yake bado ina maji yake, na tui limemshika kama limezaliwa naye. Hakuwa anaonja mara mbili kwa kijiko kimoja. Hakuwasha moto bila bismillahi. Na mjini palikuwa na wazee ambao hawakula hotelini maisha yao yote, wakisema jikoni kwa watalii huwezi kujua kilichopita sufuriani. Lakini Ramadhani ikiingia, wazee hao hao walikuwa wakituma masinia kwetu, kwa sababu moja tu. Walikuwa wakiuliza, "Seif bado yupo?" Wakiambiwa yupo, wanaagiza futari. Hiyo ndiyo iliyokuwa amana ya jiko letu, na ilikaa juu ya mabega ya mtu mmoja.

Nilikaa karoni miaka kadhaa, kisha Mzee Seif akanitoa akanipa moto. Akasema ana macho mabovu na mimi nina pua nzuri. Nikajifunza mkaa wa mwembe na mkaa wa kifuu, upi wa kuanzia na upi wa kumalizia, na namna ya kukaa na moto bila kuupepea kila saa kama mtu mwenye ugomvi nao. Nilikuwa nimeshazoea majiko ya chuma, yale yanayoliwa na kutu ya hewa ya chumvi kila baada ya masika mbili tatu, tukayatupa tukanunua mengine. Ndipo ukaja Mtungi.

Bwana Nassor aliupata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na hoteli pwani ya kaskazini, akiifunga ili arudi kwao. Wachukuzi waliuleta kwa gari la mkono kutoka barabarani, maana gari halifiki mlangoni kwetu, na kwenye kila kona ya kichochoro walisimama wakamtaja Mungu. Ulipofunuliwa uani sote tuliuzunguka. Mwili wa kauri, mnene kama ukuta wa jumba la kale, nje rangi ya kijani inayong'aa, ndani udongo mtupu wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Tumbo kubwa, mdomo wa mviringo, kifuniko kizito kimefungwa kwa mkanda wa chuma na bawaba. Kijidirisha cha hewa chini, kingine juu. Ndani yake kulikuwa na bakuli jengine la udongo la kukalia mkaa. Mmoja wetu akasema, "Mtungi huu," na jina likabaki.

Nawaambia kweli, niliupenda kabla haujawaka. Kitu kilichotengenezwa na mtu mwenye akili unakijua. Udongo ule unashika moto ukaukalia kama kuku na mayai: mkaa wa konzi chache unakupikia mchana kutwa. Unafungua kijidirisha kwa upana wa kidole, moto unapanda, unakibana, unashuka. Unaziba kote, unakufa wenyewe, na mkaa uliobaki unautumia kesho. Hakuna kuumwagia maji, hakuna majivu yanayoruka machoni.

Lakini ulikuja mchafu, Mungu anisitiri. Mzungu aliufunika ukiwa na mafuta akauacha masika nzima. Kuvu jeupe limeota ndani, mafuta yameganda kuta nzima, majivu yamelowa yamekuwa saruji, ukanda wa kitambaa kinene unaozunguka mdomo umeungua vipande vipande, na bolti zote zimevaa kutu. Nikafunga kitambaa puani nikaanza kukwangua. Mzee Seif akaja akasimama nyuma yangu kwa muda, kisha akauliza swali ambalo mimi na Bwana Nassor hatukuliwaza.

"Mwenyewe alikuwa akichoma nini humu?"

Nikatafuta namba ya aliyekuwa mpishi wa ile hoteli, nikampigia. Alikuwa mchangamfu sana. Akaniambia mbavu za nguruwe, dada, kila Jumapili, wageni wakitoka mpaka hoteli za jirani kuja kuzila. Nikamshukuru nikakata simu, na nikavua glavu polepole nikazitia kwenye mfuko wa taka.

Bwana Nassor alipoambiwa alicheka kidogo, akasema moto utachoma kila kitu, tuuwashe siku nzima uwe mwekundu, basi. Mzee Seif akamjibu kwa sauti yake ile ndogo kwamba sisi kwa tulivyosoma, moto hautwaharishi. Ni najisi nzito, na njia yake inajulikana: kwanza kuondoa kila kilichoganda mpaka usione wala usinuse, kisha kuosha mara saba, moja kwa udongo safi. Akasema akimaliza atapika humo yeye mwenyewe. Asipomaliza hivyo, hapiki. Bwana Nassor ni mtu wa dini pia, alikuwa na haraka tu, akasema fanya.

Nilikwangua mpaka mikono ikafa ganzi. Kwa kijiti cha mnazi kwenye mianya, kwa jiwe la pwani kwenye kuta, kwa makumbi makavu mwisho. Sabuni sikutia ndani, na hilo ni bahati tu, sikuwa najua. Nilidhani udongo wa Kizimbani utatosha, maana Mzee Seif aliagiza kijana wa mboga alete gunia la udongo mwekundu wa huko shamba, mahali ambapo mbwa hapiti. Kisha yeye akakunja suruali, akavuta mpira wa maji, na akaanza. Mara ya kwanza kwa udongo, akiupaka kila sehemu kama mtu anayekanda unga, kifuniko, tumbo, bakuli la ndani, wavu, mpaka koleo. Kisha maji, mengi, yanayopita, mara baada ya mara, akihesabu kwa sauti ili sote tusikie. Uzee wake ule, amepiga magoti kwenye maji mchana kutwa. Tulikuwa wafanyakazi wengi pale uani na hakuna aliyethubutu kwenda kukaa.

Mimi nilikuwa karibu, na nilisikia kitu. Maji yakipita ndani, udongo ulikuwa ukifanya sauti ndogo, sss, sss, kama mtu mwenye kiu anayekunywa bila kupumua. Nikawaza: huu unakunywa. Lakini nikawaza hivyo tu, nikaenda kuleta ndoo.

Kesho yake Bwana Nassor alipata wageni wa heshima, akataka kuwaonesha jiko lake jipya. Mzee Seif alikuwa sokoni Darajani, mimi nilikuwa juu nakusanya sahani. Bwana Nassor akautia mkaa mpaka shingoni, akafungua vijidirisha vyote, akafunga kifuniko. Nilisikia mlio nikiwa ghorofani, mkavu, kama nazi imepigwa jiweni. Niliposhuka, bakuli la ndani lilikuwa limepasuka kutoka ukingo hadi chini, na mvuke unatoka kwenye ufa kama birika.

Mzee Seif akaingia na kikapu cha samaki wakati huo huo. Na Bwana Nassor, aibu imemshika mbele ya wageni, akasema neno ambalo najua angetoa chochote kulirudisha. Akasema, "Haya ndiyo maji yako saba, Seif."

Mzee Seif akaweka kikapu chini. Akaangalia ufa. Akavua aproni, akaikunja, akaitundika kwenye msumari wake. Akasema samaki waondolewe magamba mapema, hao changu hawasubiri, akatoka. Hakugombana, hakugeuka. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na wa kupigwa alikuwa mwajiri wangu.

Sasa sikilizeni ubaya ulivyozaana. Mji wetu huu mtu akipiga chafya Malindi, Mkunazini wanamwambia yarhamukallah. Habari ziliingia sokoni mara mbili, kutoka midomo miwili tofauti: kwanza kwamba Nassor kanunua jiko la kuchomea nguruwe, pili kwamba Seif kaacha kazi. Watu wakazishona. Baada ya siku chache habari ilikuwa moja: Seif kaacha kazi kwa sababu kwa Nassor wanapika kwenye jiko la nguruwe. Ukiangalia, kila neno ni kweli, na yote kwa jumla ni uongo. Mzee aliyekuwa akiagiza futari kwetu kila mwaka alipita barazani akaniitikia salamu huku akitazama mbele. Na harusi ya binti wa Bwana Nassor ilikuwa inakaribia, nikaha na chakula cha mchana nyumbani, mji mzima umealikwa.

Bwana Nassor alikwenda mwenyewe Mkokotoni kuomba radhi. Aliporudi nikamuuliza vipi. Akasema amepewa kahawa, amepewa halua, hakupewa jibu.

Mimi nikapanda gari kwenda Bububu, kwa Bi Kibibi, dada wa marehemu mama yangu. Bi Kibibi alikuwa akichoma mikate ya mofa tangu sijazaliwa, kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba, na mimi nimekulia kwenye joto la tanuri hilo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua mtama. Kisha akauliza, "Nani kawasha?" Nikamwambia Bwana Nassor. "Na aliyeosha ni mwengine?" Nikasema ndiyo. "Basi mbona mnamlaumu aliyeosha?"

Akanieleza. Udongo ukishakunywa maji, maji yale hayana mlango. Ukiutia moto mkubwa yanageuka mvuke yanatafuta pa kutokea, na yakikosa yanapasua. Tanuri lake likinyeshewa hulikausha kwa siku nyingi kabla ya kulitia hata kijinga kimoja cha moto. Kuosha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuuwasha mtungi na kiu yake haijarudi. Na ufa wa bakuli si msiba, akasema, tanuri lake lina nyufa tatu na linamlisha. Nikashusha pumzi. Akatafuta khanga yake ya kutokea, akasema, "Twende, nnataka kuuona huo mtungi wa Kizungu."

Laiti mngemuona. Aliuzunguka, akaingiza mkono ndani akaupapasa ukuta, akatabasamu peke yake. Akasema aliyeufinyanga huu alikuwa na subira. Kisha akatoa pete kidoleni akaugonga tumboni kwa pete. Du. Mlio umekufa, kama kugonga gunia. Akaniambia umelowa mpaka uti wa mgongo. Siku utakapolia kama kikombe cha kahawa, ndiyo siku yake. Akalizungusha bakuli lililopasuka waya wa chuma mara mbili, akaukaza kwa koleo mpaka ufa ukafunga mdomo, na waya huo ndio mnaouona mpaka leo. Yuko mmoja wenu aliyetaka kuukata akidhani ni takataka. Jina lake nalihifadhi.

Nikakaa na Mtungi. Kila asubuhi jua likiingia uani naufunua, jioni naufunika dhidi ya umande wa bahari, na kila asubuhi naugonga kwa pete ya ndoa yangu. Du. Du. Siku zinakwenda, harusi inakuja, na Mtungi du.

Na kwa kuwa hapa tunasubiri, acheni niwaambie ya matunzo, ndiyo mliyoniulizia. Ndani hapaoshwi kwa sabuni. Udongo utainywa, na samaki wenu watanuka dobi mwezi mzima. Mafuta ya taa ya kuwashia nayo marufuku kwa sababu hiyo hiyo. Tumieni vijiti vya kumbi. Ukitaka kusafisha ndani, uwe mkavu, utie mkaa kiasi, uache moto upande taratibu mpaka mafuta yote yageuke vumbi jeupe, uzime kwa kuziba, na ukipoa kesho yake uyapanguse kwa makumbi makavu. Majivu ya chini yatolewe kila asubuhi. Aliyenipigia kwamba hauwaki, narudia, ni majivu, umeziba pua yake. Bolti za mkanda zipakwe mafuta ya nazi au ya mashine kila mwezi, hewa yetu ya chumvi haina huruma, na zikazwe. Huyo aliyesema kifuniko kimelegea, kama bado, azikaze leo, siku kikidondoka hakiungiki. Ukanda wa mdomoni ukichakaa nendeni kwa mafundi wa boti Malindi, waombeni ile kamba nyeupe wanayovisha bomba la moshi la injini. Na moto ukiwa mkali usifungue kifuniko kwa pupa. Inua kidogo, uache uvute pumzi, ndipo ufungue. Nyusi zangu za kushoto hazikurudi sawa, mnadhani ni wanja.

Siku chache kabla ya harusi niliugonga asubuhi, ukalia. Mlio mwembamba, mrefu, kama kikombe. Niligonga tena nikidhani nimesikia ninachokitaka. Ukalia tena. Nikatia konzi ya mkaa, moto wa kitoto tu, nikaukalia mchana kutwa. Kesho yake konzi mbili. Siku iliyofuata nikachoma changu mmoja, nikamla peke yangu uani, na machozi yakanitoka, na si pilipili.

Harusi ilikuwa Alhamisi. Nikaha ikapita vizuri, biriani ya masufuriani ikatolewa, na mimi nikatoa kwenye Mtungi masinia ya samaki wa kupaka kama Mzee Seif alivyonifundisha. Biriani ilirudi sahani tupu. Samaki walirudi kama walivyokwenda. Sinia la kwanza, la pili, la tatu, kawa halijafunuliwa hata. Vijana wa kupakua hawakunitazama usoni. Bwana Nassor aliingia jikoni, akayatazama masinia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Mwanaidi, watu wamekula kwangu miaka yote. Leo siku ya mwanangu hawali."

Ndipo Mzee Seif akasimama mlangoni. Mwaliko wa harusi haukataliwi, alikuja kama mgeni, kanzu nyeupe mpya, kofia ya kiua, na alikuwa amekaa na wanaume akaona masinia yanavyorudi. Hakumsalimia yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye Mtungi, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia.

"Mwanaidi."

"Naam."

"Nani kakufundisha kuukausha?"

Nikamwambia, mchoma mofa wa Bububu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua. Akainama akafungua kifuniko, akageuza samaki waliobaki juu ya wavu, wawili hivi, akiwapaka tui kwa mkono wake, na ukingo wa kifuniko ukamgusa kifuani. Alipoinuka kanzu ilikuwa na doa jeusi, upana wa kiganja. Nikaruka na kitambaa. Akanizuia. Akatoa sinia akawapanga samaki, akalibeba mwenyewe, na Bwana Nassor akainuka kwenye ndoo akamfungulia mlango.

Siwadanganyi kwamba mji mzima ulishangilia. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Mzee Seif aliweka sinia, akakaa, akasema bismillahi, akala. Waliokuwa karibu naye wakala. Wa mbali wakamega kidogo kwa adabu, wengine wakasema wameshiba biriani. Mzee wa futari alinawa mikono mapema. Mtu mmoja akila, watu wanaweza kusema anamsitiri tajiri wake wa zamani. Nikajua haijesha.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mimi sikuwapo, nasimulia alivyonisimulia mume wangu Haji, ambaye anaswali msikiti huo huo na hana tabia ya kuongeza chumvi. Mzee Seif alikuja mapema, safu ya mbele kabisa, nyuma ya imamu, mahali anapoonekana na kila anayeingia. Amevaa kanzu ile ile. Doa lile lile kifuani, halikuguswa. Watu wakaliona, na kila mmoja mle ndani alijua kwamba nguo yenye najisi haiswaliwi. Mzee wa futari alikuwa amekaa ubavuni mwake. Akamwinamia akamnong'oneza kwamba nguo yake imechafuka. Haji anasema Mzee Seif alijibu kwa sauti kuliko kawaida yake, mpaka safu ya tatu wakasikia.

"Masizi hayo. Ya jiko la kwa Nassor. Nliliosha mwenyewe."

Kisha swala ikakimiwa, akasimama, akaswali nayo.

Haji alipofika hapo nilimwambia anirudie tena tangu mwanzo. Mtu yule hakupenda kusema mbele za watu, angeweza kusema maneno mia na wangemjibu kwa mia mbili. Lakini swala yake hakuwa wa kuichezea, na mji ulijua.

Mchana huo huo, kabla ya alasiri, mjukuu wa mzee wa futari alikuja barazani kwetu na sinia tupu kichwani. Babu anauliza kama kuna samaki wa kupaka waliobaki jana. Nikamwambia wa jana hakuna, namchomea wa leo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natoa majivu ya chini Mzee Seif alipoingia kwa mlango wa uani. Nikamwamkia, shikamoo Mzee Seif. Marahaba mwanangu. Akachukua aproni yake kwenye msumari, ilikuwa bado imekunjwa alivyoikunja, akaikung'uta, akaivaa. Bwana Nassor alikuwa ngazini na kikombe cha chai mkononi, akateremka, na nikamuona kwa mara ya kwanza maishani mwangu akiisubiri chai ipoe. Walishikana mikono muda mrefu. Sikusikia walichosema na sikuuliza.

Kisha Mzee Seif akaja kwangu na mfuko wa ukili. Ndani yake mlikuwa na kanzu, imekunjwa, doa juu.

"Chukua," akasema. "Sasa unaweza kuifua."